Kuongoza chuo kwa nadharia za taasisi: mwongozo kwa kiongozi mpya, kutoka Tabora

Mwaka wangu wa kwanza kama mkuu wa idara katika chuo kimoja hapa Tabora, matokeo ya muhula wa kwanza yalichelewa hadi wanafunzi wakawa wanashinda chini ya mwembe ulio mbele ya ofisi ya mitihani. Hawakupiga kelele. Walikaa tu, vitambulisho shingoni, na kila mlango ulipofunguka wakainua vichwa. Mkuu wa chuo akatoa waraka: alama zote ziwasilishwe ndani ya siku 5, atakayeshindwa atachukuliwa hatua za kinidhamu. Alama zikaja ndani ya siku 5, lakini zikaja zimejaa makosa. Somo moja lilikuwa na watahiniwa wengi kuliko walioandikishwa. Jingine lilikuwa na alama za kazi za darasani zilizonakiliwa kutoka mwaka uliotangulia. Tukairudia kazi yote, na matokeo yakatoka kwa kuchelewa zaidi.

Aliyeandika waraka ule alikuwa kiongozi mwema na mchapakazi. Alichokosa ni picha sahihi ya kitu alichokuwa anakiongoza. Nawaandikia walio katika nafasi kama yake: mkuu wa chuo, naibu wake, mkuu wa idara, mlezi wa wanafunzi, waliopewa ofisi kwa sababu walikuwa walimu wazuri, bila mtu yeyote kuwafundisha taasisi inavyokwenda. Nadharia nyingi kuhusu uongozi wa vyuo zimetoka Marekani, na si zote zinatufaa. Zipo chache, hata hivyo, ambazo ukiziweka juu ya jalada lililo mezani kwako leo, zitakuonyesha ulichokuwa unakipita bila kukiona.

Hatua ya kwanza: Tambua umekabidhiwa chombo gani

Tabora ndiko reli ya kati inakogawanyika, njia moja ikielekea Kigoma na nyingine Mwanza. Mtu mmoja akikosea kugeuza njia pale, treni inasimama, na kuanzia dereva hadi muuza karanga wote wanajua ndani ya dakika chache. Chuo hakiko hivyo. Idara moja inaweza kukaa wiki 3 bila mwalimu wa kozi fulani, na idara iliyo ng'ambo ya korido isijue lolote. Karl Weick, msomi wa Marekani wa mambo ya taasisi, aliieleza hali hii mwaka 1976 alipoandika kwamba taasisi za elimu ni mifumo ambayo sehemu zake zimeungwa kwa viungo vilivyolegea. Zimeungana, ndiyo, lakini ukivuta upande mmoja, upande wa pili si lazima utikisike.

Viongozi wengi wapya wakiona ulegevu huo wanataka kukaza kila kamba. Usifanye hivyo. Ulegevu huohuo ndio unaofanya mgogoro wa idara moja usiangushe chuo kizima, na ndio unaompa mwalimu mmoja nafasi ya kujaribu namna mpya ya kufundisha bila kusubiri kikao.

Miaka 3 baada ya Weick, Henry Mintzberg alieleza jambo linalokamilisha picha. Chuo ni urasimu wa wanataaluma. Wanaofanya kazi kuu walijifunza ufundi wao mahali pengine, kwa miaka mingi, na mkuu hawezi kusimama nyuma ya kila mmoja kuona kama anasahihisha kwa haki. Kwa hiyo chukua karatasi, ipige mstari katikati. Upande wa kushoto andika mambo yanayoonekana na kuhesabika: tarehe ya kuwasilisha, sahihi, vipindi vilivyofundishwa, risiti. Upande wa kulia andika yale yanayotegemea utaalamu na dhamiri ya mtu: ubora wa swali la mtihani, uangalifu wa kusahihisha, namna mwanafunzi aliyekwama anavyosaidiwa. Amri inafaa kwa mambo ya kushoto. Ukiipeleka kulia, utapata tarehe uliyoitaka na kazi usiyoitaka. Waraka wetu ulifanya hivyohivyo.

Hatua ya pili: Fuata jalada moja kutoka mwanzo hadi mwisho

Kila chuo kina muundo wa utawala uliobandikwa ukutani, na kina njia halisi ambayo mambo hupita. Uujue wa ukutani, kisha uende masjala, ofisi inayotunza majalada.

Chagua suala moja lililokwama muhula uliopita. Omba daftari la kutolea na kupokelea majalada. Andika kila mahali jalada lilipofika, tarehe lilipoingia na lilipotoka. Usiulize bado kwa nini. Hesabu siku tu.

Mimi nilifanya hivyo baada ya sakata la waraka. Mama wa masjala, aliyekuwa pale kabla ya wengi wetu kuajiriwa, aliweka rula chini ya mstari, akaisogeza taratibu, akasimama.

"Hapa, mwalimu. Lilikaa siku 23."

"Kwa nani?"

"Kwa mhasibu."

"Jalada la alama za mitihani lilikuwa linafanya nini kwa mhasibu?"

Akaniangalia kidogo, kama mtu anayepima kama inafaa kusema. "Limefungwa pamoja na madai ya malipo ya kusahihisha. Wakuu wa idara wamelifunga pamoja makusudi. Madai yakienda peke yake hayafunguliwi."

Siku hiyo ndipo nilipoelewa tatizo letu. Hakuna hata mmoja kati ya viongozi wa utawala waliokaa kuandaa waraka aliyelijua hilo, na mama wa masjala hakuwahi kuitwa kikaoni.

Neno moja kuhusu urasimu, kwa sababu wengi tunalitumia kama tusi. Max Weber, Mjerumani ambaye maandishi yake makuu kuhusu utawala yalichapishwa mwaka 1922, baada ya kifo chake, alieleza ofisi inayoendeshwa kwa kanuni zilizoandikwa, kumbukumbu za majalada, na cheo kisicho mali ya mtu. Weber mwenyewe aliuogopa pia mfumo huo, kwamba unaweza kumfungia binadamu ndani yake. Lakini fikiria mwanafunzi anayetoka kijiji kimoja cha wilaya ya Sikonge, asiye na mjomba ofisini. Kanuni iliyoandikwa na jalada lililotunzwa ndivyo pekee vinavyomtetea siku alama yake ikipotea. Ukitaka kupunguza urasimu, punguza sahihi zisizo na kazi. Kumbukumbu usiziguse.

Hatua ya tatu: Litazame tatizo kwa macho manne kabla ya kuandika lolote

Hapa ndipo ningekuomba ukae muda mrefu kuliko hatua nyingine yoyote. Lee Bolman na Terrence Deal walipendekeza mwaka 1984 kwamba kiongozi aitazame taasisi kupitia madirisha manne: muundo, watu, masilahi, na maana. Kila mmoja wetu ana dirisha lake alilolizoea. Mwanasheria anaona muundo, mwalimu wa saikolojia anaona watu, mwanasiasa mstaafu aliye kwenye bodi anaona masilahi, padri au shehe anaona maana. Kazi ni kujilazimisha kupita kwenye yote manne. Nitatumia jalada letu la matokeo.

*Muundo.* Uliza: nani anawajibika kwa nini, na kazi inapita wapi? Alama zilitoka kwa mwalimu, zikaenda kwa mkuu wa idara, kamati ya mitihani ya idara, mtahini wa nje, kisha baraza la taaluma. Hizo ni hatua za haki na kila moja ina sababu yake. Lakini tuligundua sahihi mbili ambazo hakuna aliyeweza kueleza zinathibitisha nini. Moja ilihitaji mtu ambaye nusu ya mwezi yuko safarini Dodoma. Dirisha hili pekee lingetupatia siku kadhaa.

*Watu.* Uliza: anayeifanya kazi hii ana hali gani? Mwalimu mmoja alikuwa na kozi tatu, na moja ya hizo ilichukuliwa na wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza. Vitabu vya majibu vilijaa chumbani kwake hadi chini ya kitanda. Alikuwa anasahihisha usiku kwa taa ya simu pale umeme ulipokatika, na wiki hiyohiyo alitakiwa kwenda kukagua wanafunzi walio kwenye mafunzo kwa vitendo Kaliua na Urambo. Ratiba ya ukaguzi na ratiba ya kusahihisha zilipangwa na ofisi mbili zisizozungumza. Barua ya karipio ingemwongezea nini mtu huyu? Alihitaji msaidizi wa kujumlisha alama na wiki mbili zisizo na safari.

*Masilahi.* Uliza: nani anapata nini jambo likiendelea kuwa hivi? Victor Baldridge, aliyechunguza Chuo Kikuu cha New York na kuandika mwaka 1971, alisema chuo kinafanana na bunge: kuna makundi, kuna ushawishi, kuna mapatano. Wengi tunaona aibu kulitamka hili, tunajifanya wote tuko pale kwa ajili ya elimu tu. Wakuu wa idara wetu walifunga madai pamoja na alama kwa sababu alama ndizo kitu pekee walichokuwa nacho ambacho utawala ulikihitaji kwa haraka. Wasingekuwa na alama mkononi, nani angewasikiliza? Ukiwaita wakaidi hutawaelewa, na usipowaelewa watatafuta kamba nyingine ya kuvuta.

Kwenye dirisha hili chora orodha fupi. Kwa kila kundi, yaani wakuu wa idara, ofisi ya fedha, serikali ya wanafunzi, bodi, mmiliki wa chuo, andika wanachotaka, wanachoogopa, na walicho nacho ambacho wengine wanakihitaji. Orodha hii itunze nyumbani, isiende masjala.

*Maana.* Uliza: jambo hili linasomwaje na wanaolipokea? Utawala uliona ucheleweshaji wa kiufundi. Wanafunzi chini ya mwembe waliona dharau, kwa sababu hakuna aliyetoka nje kuwaambia kitu. Tangazo la mistari mitatu, lenye tarehe na sahihi ya mtu, lingeondoa nusu ya uchungu ule bila gharama. Kumbuka pia kwamba chuo kinaishi kwa ibada zake: siku ya kupokea wanafunzi wapya, mahafali, joho, wimbo. Kiongozi anayezikata ili kubana bajeti huwa hajui anakata nini. Kwa mzazi aliyepanda basi tangu Uvinza kuja kumwona binti yake amevaa joho, siku ile ndiyo chuo chenyewe.

Ukimaliza madirisha manne, andika sentensi moja kwa kila moja kuhusu chanzo cha tatizo. Sentensi zote nne zikifanana, basi umechungulia dirisha moja mara nne.

Hatua ya nne: Fuata fedha, mwezi kwa mwezi

Jeffrey Pfeffer na Gerald Salancik walieleza mwaka 1978 kwamba taasisi huelekea kule zinakotoka rasilimali zake, na kwamba ndani ya taasisi nguvu huwa kwa wale wanaoshughulika na chanzo ambacho wengine hawawezi kuishi bila hicho. Ndiyo maana mhasibu wetu alikuwa na nguvu kuliko cheo chake.

Chora miezi 12 kwenye karatasi ndefu. Weka mwaka wa fedha wa serikali, unaoanza Julai 1, na mwaka wa masomo, ambao kwa vyuo vikuu vyetu kwa kawaida huanza Oktoba au Novemba. Tayari una pengo la miezi kadhaa. Weka tarehe za mikopo ya wanafunzi inayopitia Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Kisha weka kitu ambacho mtu wa Dar es Salaam hatakitilia maanani: masoko ya tumbaku. Familia nyingi za Urambo, Kaliua na Sikonge hulipa ada pale chama chao cha msingi cha ushirika kinapolipwa. Malipo ya tumbaku yakichelewa, ada inachelewa, na ukimzuia mwanafunzi kufanya mtihani kwa ada ya mwezi huo, umemwadhibu kwa kosa la mnunuzi wa tumbaku ambaye hajawahi kumwona. Chuo kinachojua kalenda hii kinaweza kupanga mkataba wa kulipa kwa awamu mapema, kwa maandishi, na kikaacha ugomvi wa getini.

Angalia pia nani ni bwana wa nani. Mji wetu una vyuo vya namna nyingi. Chuo cha Nyuki kinaangalia wizara yenye dhamana ya maliasili, Chuo cha Ardhi kina wizara yake, Chuo cha Utumishi wa Umma hapa ni tawi la chuo chenye kampasi nyingine, na vipo vya mashirika ya dini. Mbinu iliyomfaa rafiki yako kwenye chuo jirani inaweza isikufae kwa sababu hii tu.

Hatua ya tano: Zihesabu kamati

John Meyer na Brian Rowan waliandika mwaka 1977 kwamba taasisi nyingi hujenga miundo ili zionekane halali mbele ya wengine, hata kama miundo hiyo haigusi kazi yenyewe. Mwaka 1983 Paul DiMaggio na Walter Powell wakaeleza kwa nini taasisi huishia kufanana: zinalazimishwa na mamlaka, zinaiga waliofanikiwa zinapokuwa na wasiwasi, na wataalamu wake wamesoma mambo yaleyale.

Sisi tunayajua yote matatu. Tume ya Vyuo Vikuu na Baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, wanataka kuona udhibiti wa ubora, na wana haki. Kisha tunachukua muundo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kilianza mwaka 1961 na kina maelfu ya wanafunzi, tunaubandika kwenye chuo chenye walimu wachache wanaotosha kwenye basi moja. Matokeo yake mtu mmoja yuko kwenye kamati saba.

Zoezi lake ni la asubuhi moja. Orodhesha kamati zote. Mbele ya kila moja andika uamuzi mmoja iliyofanya mwaka huu uliobadilisha kitu. Isiyo na uamuzi na haidaiwi na sheria wala mamlaka, iunganishe na nyingine. Inayodaiwa na sheria lakini haina uamuzi, ipe kazi moja ya kweli. Kamati ya ubora, kwa mfano, ipe kusoma mitihani ya kozi mbili kila muhula na kuzungumza na walimu wake.

Hatua ya sita: Jifunze kukaa kikaoni

Michael Cohen, James March na Johan Olsen walichapisha mwaka 1972 nadharia yenye jina la ajabu: pipa la taka. Walisema kwenye taasisi kama vyuo vikuu matatizo, suluhisho, watu na nafasi za kuamua huelea kila kimoja peke yake, na uamuzi ni pale vinapokutana ndani ya pipa moja kwa wakati mmoja. Kikao kimeitwa kujadili ratiba, mtu analeta hoja ya maegesho, mwingine ana kompyuta za msaada anazotafutia kazi, na saa 8 mchana mnaazimia kuhamisha maktaba. Kila aliyekaa kwenye kikao cha chuo ameliona hili.

Cohen na March waliendelea mwaka 1974 kutoa ushauri kwa viongozi wa vyuo, na huu nimeujaribu. Tenga muda, kwa sababu anayekaa hadi mwisho ndiye anayeamua. Hoja ikikataliwa leo irudishe muhula ujao, maana waliokuwepo si lazima wawepo tena. Mpinzani wako mkubwa mpe nafasi kwenye kamati inayolishughulikia jambo, ajionee uzito wake. Acha mwingine apate sifa, wewe upate matokeo. Na zile hoja zinazoelea zitengenezee pipa lao: kikao cha mazungumzo kila mwezi, bila maazimio, ambako kila kitu kinasemeka. Kikao cha maamuzi kitabaki na ajenda tatu, ile nzito ikiwa ya kwanza wakati watu bado hawajachoka.

Ongezea hapo jambo letu wenyewe. Kabla ya kikao, pita. Msalimie mzee wa idara ofisini kwake, mwulize habari za nyumbani, umweleze unachokusudia. Huko si kupiga kampeni. Mkubwa anayesikia jambo kwa mara ya kwanza mbele ya vijana wake atalipinga hata kama analipenda, na kosa litakuwa lako.

Hatua ya saba: Weka kengele chache

Robert Birnbaum, mwaka 1988, alikifananisha chuo kinachoongozwa vizuri na kidhibiti cha joto. Jokofu lako linafanya hivyohivyo: joto likipanda linajiwasha, likishuka linajizima, na husimami mbele yake usiku kucha. Kiongozi anachagua mambo machache ya kuangalia, anaweka kipimo, na anaingilia kipimo kikivukwa tu.

Sisi tulichagua matatu: kozi isiyo na mwalimu ifikapo wiki ya 2, alama ambazo hazijafika wiki 3 baada ya mtihani, na dai lolote la mfanyakazi lililozidi siku 30 bila jibu. Ziliandikwa kwenye ubao mmoja ofisini kwa naibu mkuu wa taaluma, na mama wa masjala ndiye aliyepewa chaki.

Muhula uliofuata madai yalipata jalada lake na siku yake ya kufunguliwa, kila Jumatano, mhasibu na mkuu mmoja wa idara wakiwa pamoja. Sahihi mbili ziliondolewa. Ukaguzi wa mafunzo kwa vitendo ulisogezwa mbele. Matokeo yalibandikwa Ijumaa jioni, na Jumatatu asubuhi chini ya mwembe alikuwepo mwanafunzi mmoja tu, jina lake halikuonekana kwenye somo moja. Aliingia ofisini, jalada likafunguliwa, karatasi ya mahudhurio ya mtihani ikatolewa na namba yake ikaonekana pale, imeandikwa kwa kalamu ya kijani. Alikuwa amenakiliwa vibaya tarakimu moja. Ilisahihishwa akiwa amesimama hapohapo, akashukuru, akaenda darasani.